Jinsi ya kuandika hadithi ya marafiki wa kalamu kwa watoto na vijana: mwongozo kamili

Nilikuwa ukurasa wa tatu wa rasimu yangu, nawasomea wanafunzi wa darasa la sita, mtoto mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, kwa nini asimpigie simu?" Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa, maana sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika kurasa arobaini za barua bila kujiuliza kwa nini wahusika wangu wanaandikiana barua.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuandika hadithi ndefu au riwaya fupi ya Kiswahili ambamo watoto wawili walio mbali wanajuana kwa barua. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Raya ana miaka kumi na tatu na anaishi Wete, Pemba. Tumaini ni rika lake, yuko shule ya bweni Makete, mkoani Njombe. Wote ni wa kubuni, uwe huru kuwaiba na kuwageuza.

Hatua ya 1: Jibu swali la simu kabla halijaulizwa

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuiweka hadithi leo na kuiondoa simu kwa sababu ya kweli. Sababu iko mlangoni kwetu: shule nyingi za bweni, Tanzania na Kenya, hazimruhusu mwanafunzi kuwa na simu. Tumaini akikamatwa nayo, atarudi nyumbani kumleta mzazi. Raya naye anaishi nyumbani, lakini simu ni ya baba na inalala chini ya mto wa baba. Sentensi mbili zinatosha, mradi ziwemo kwenye kurasa za mwanzo.

Njia ya pili ni kurudi nyuma. Hapo una utajiri ambao waandishi wetu hawajaugusa vya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 stempu zilibeba majina ya nchi tatu pamoja, Kenya, Uganda na Tanzania, kwa kuwa posta ilikuwa moja chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, haukufunguliwa hadi 1983. Fikiria mtoto wa Taveta na mwenzake wa Holili. Mji wa mmoja uko jirani kabisa na wa mwingine, na ghafla kati yao pana mpaka usiopitika. Hiyo ni riwaya inayokusubiri.

Bado inabaki kueleza walivyojuana. Zamani kulikuwa na safu za marafiki wa kalamu magazetini, na wengine walianzia kwenye kadi za salamu za redio. Kwa hadithi ya leo mimi nilitumia walimu: mwalimu wa Kiswahili wa Wete alisoma chuo kimoja na mwenzake wa Makete, wakabadilishana orodha za wanafunzi wao. Majina tu. Shika hapo, orodha hiyo itatuletea balaa.

Hatua ya 2: Mpe kila mmoja jambo la kuficha

Wengi huanza na sifa za wahusika: mpole, mcheshi, anapenda mpira. Hazitakusaidia. Barua ni mahali ambapo mtu huchagua la kusema na la kuacha, kwa hiyo anza na kile kinachoachwa.

Tumaini ni jina la msichana na ni jina la mvulana. Kwenye orodha ya mwalimu limeandikwa lenyewe, na Raya akadhani amepata rafiki wa kike. Kiswahili sasa kinakufanyia kazi ambayo lugha nyingi haziwezi: "yeye" hana jinsia, "anapenda" hana jinsia, "rafiki yangu" hana jinsia. Unaweza kuandika barua kumi bila neno moja kumtoboa Tumaini kwamba ni mvulana. Mwandishi wa Kiingereza au Kiarabu angeumwa kichwa, wewe unaandika tu.

Tumaini anajua lini kwamba amedhaniwa msichana? Barua ya tatu, Raya anapouliza: "Huko skuli kwenu mnaruhusiwa kusuka, au mnanyolewa?" Kijana anakaa na swali hilo siku mbili. Akisema ukweli, anaogopa Raya ataacha kuandika, au baba yake atamkataza. Anajibu: "Huku sote tumenyolewa." Ni kweli tupu, hakuna uongo hata chembe, na rafiki yake amedanganyika. Jibu la namna hiyo ndilo nililolitafuta kwa miezi. Msomaji wa miaka kumi na mbili analielewa mara moja kwa sababu na yeye ameshawahi kujibu hivyo nyumbani.

Raya naye afiche kitu, tena kidogo. Wangu anaficha kwamba barua zake za mwanzo alisaidiwa na dada yake. Jambo la kuficha lisiwe zito kuliko mtoto. Ukimpa siri ya kutisha, hadithi itaacha kuwa ya urafiki, na utahitaji mwongozo mwingine.

Hatua ya 3: Chora kalenda ya barua

Hii ndiyo kazi ngumu, na wengi huiruka. Chukua daftari la hesabu, chora safu nne: nani ameandika, siku aliyoandika, siku iliyofika, na yaliyotokea katikati. Kutoka Wete barua inavuka maji mpaka Unguja, inavuka tena mpaka Dar es Salaam, inapanda gari mpaka Njombe, inaingia Makete, inakaa kwenye sanduku la posta la shule mpaka mwenye ufunguo akumbuke kwenda mjini. Nenda posta ya kwenu uulize siku halisi za njia uliyoichagua. Katika hadithi yangu nimeweka siku kumi na nane, na sibadilishi ovyo.

Kisha tazama barua zinapopishana njiani, maana humo ndimo hadithi inamojijenga. Tumaini anaandika tarehe 6 Julai, amefurahi, anafunga barua kwa utani: "Mwambie bibi karafuu zake zimenipa mafua, nataka fidia." Barua inafika Wete tarehe 24. Bibi amezikwa tarehe 22. Raya anaisoma nyumba ikiwa imejaa watu wa matanga, kofia za wanaume zimepangwa barazani, na utani ule uko mkononi mwake. Hakuna aliyekosea. Hakuna mwovu katika tukio hili, na bado linauma. Simu isingeweza kukupa tukio hilo hata ungelitafuta vipi.

Hesabu na likizo. Barua iliyofika shuleni Desemba inalala sandukuni mpaka Januari. Mtoto aliyeko nyumbani anahesabu siku na kuona amesahauliwa. Mimi hapo nilimpa Raya barua mbili za kulalamika, ya pili imeandikwa kwa wino mwekundu, na zote tatu Tumaini alizipokea siku moja. Azisome kwa mpangilio gani? Nilimwachia achague vibaya.

Hatua ya 4: Tenga sauti mbili

Ficha majina, soma mstari mmoja wa kila barua. Kama hujui nani anasema, bado hujaandika.

Usikimbilie makosa ya tahajia ili mtoto aonekane mtoto. Mhariri wa vitabu vya shule atayafuta yote, na mwalimu atakulaumu kwa kuwafundisha wanafunzi vibaya. Tumia lahaja, urefu wa sentensi, na mazoea. Raya ni mtoto wa Pemba: anasema "skuli", "mie", "chengine", na sentensi zake zinatembea mwendo mrefu kama mtu anayesimulia huku anachambua mchele:

"Ukifungua bahasha ukasikia harufu usistaajabu, karafuu zimeanikwa mpaka barazani hata paka hana pa kulala. Bibi kanambia nizitazame mvua isije kuzirowesha, basi mie nakuandikia jicho moja liko karatasini na jicho moja liko mawinguni, nikikatisha katikati ujue nshakimbilia majamvi."

Tumaini anakata kata. Ana "yaani" yake:

"Yaani leo maji ya ndoo yaliganda juu. Mwenzangu wa dabo deka akavunja lile ganda kwa kijiko. Akalilamba. Akasema halina sukari."

Lahaja isizidi maneno matano au sita yanayorudi. Ukimimina Kipemba chote, msomaji wa Mwanza atachoka na msomaji wa Wete atakusahihisha, naye atakuwa na haki. Mpe mtu wa huko asome. Wangu alifuta neno nililodhani ni la Pemba kumbe nimelisikia kwenye tamthilia.

Ukitaka sikio la namna watoto wenyewe wanavyoandika barua, yapo mashindano ya kimataifa ya Umoja wa Posta Duniani, yanayofanyika kila mwaka tangu 1971 kwa watoto wa miaka 9 hadi 15. Hata hivyo barua za mashindano zimenyooshwa mno. Bora uwaombe watoto unaowajua waandike barua kwa binamu zao, usome ile ambayo mwalimu hakuisahihisha.

Hatua ya 5: Itumie salamu kama kipimajoto

Hapa ndipo Kiswahili kinapowapita wengi, na inanisikitisha kuona waandishi wakianza kila barua na "Mpendwa" kana kwamba hatuna chetu. Kila aliyesoma shule ya msingi anaujua wimbo huu:

"Kwako rafiki yangu mpya Tumaini. Salamu nyingi kama mchanga wa pwani zikufikie hapo ulipo. Baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako. Ukitaka kujua yangu, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu."

Liweke lote, neno kwa neno, kwenye barua ya kwanza. Watu wawili wasiojuana hushika kanuni kwa mikono miwili. Barua ya pili, punguza hofu na mashaka. Ya tatu, mchanga wa pwani ugeuke utani: "Salamu nyingi kama viazi vya Makete." Ya tano haina salamu kabisa, inaanza katikati ya pumzi: "Weye Tumaini! Umenitia njaa usiku wote." Hujasema popote kwamba wamekuwa marafiki. Msomaji ameona salamu zikipungua.

Kisha siku ukweli unapojulikana, rudisha kanuni:

"Kwa Ndugu Tumaini. Baada ya salamu, barua yako nimeipata. Mimi ni mzima. Ni mimi, Raya Khamis."

Ametumia jina la baba. Barua nne nyuma alikuwa anasaini "Raya wa majamvini". Mtoto mmoja aliyesoma rasimu yangu alifika hapo akasema "Uuuwi," na nilijua sina haja ya kuandika kwamba Raya amekasirika. Kwa watu wa adabu kama sisi, hasira haihitaji matusi, inahitaji heshima iliyozidi.

Hatua ya 6: Fukuza mwalimu wa jiografia

Kosa linaloua hadithi nyingi za aina hii ni barua kugeuka kitabu cha kiada. "Mimi ninaishi Makete, wilaya iliyoko Nyanda za Juu Kusini, ambako kunalimwa viazi na pareto, na hali ya hewa ni ya baridi." Hakuna mtoto anayemwandikia rafiki hivyo isipokuwa mwalimu amesimama nyuma yake. Ile ndoo iliyoganda imesema baridi, bweni, uchokozi na njaa ya sukari kwa mara moja.

Kosa pacha wake ni kumwambia mwenzako asichohitaji kuambiwa: "Kama unavyojua, baba yangu ambaye ni mvuvi..." Kama anajua, kwa nini unamwambia? Habari kama hiyo iingie kupitia swali, au kutoelewana. Tumaini amepokea karafuu tatu ndani ya bahasha, hajui kama hutafunwa au huchemshwa, anaweka moja kwenye jino bovu la rafiki yake, inafanya kazi, bweni zima linataka. Barua inayofuata Raya anaeleza kwamba makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu, na karafuu zenyewe ni vitu viwili, na kwa nini mtu mzima akiona mtoto ameangusha karafuu njiani anamwita arudi aiokote. Sasa maelezo yameombwa.

Hatua ya 7: Vitu vya ndani ya bahasha

Kwa ufupi: weka vichache, viwe bapa, viwe na uzito kwenye hadithi. Karafuu, picha ya pasipoti iliyobaki, unyoya wa kuku, karatasi ya maua iliyopuliziwa marashi ya mama bila ruhusa. Stempu iliyobandikwa kichwa chini. Sahau mkufu wa dhahabu, hautafika.

Hatua ya 8: Watu wazima wanaozisoma

Barua ya mtoto haiendi peke yake. Kuna mwalimu wa zamu au matroni anayefungua bahasha bwenini, kuna mjomba anayetumwa posta, kuna baba. Waandishi wengi wa vijana humfanya baba kuwa dubwana, akaichana barua, hadithi ikaisha kwa machozi. Baba wa Raya aliikuta barua na akaisoma mpaka mwisho, akairudisha mahali pake. Siku tatu hakusema kitu. Ya nne, wakiwa wanakunja majamvi, akauliza: "Huyu rafiki wa Tumaini wako, kapelekwa hospitali lile jino?" Raya akaelewa kwamba kila kitu kimesomwa. Nimeandika upya mazungumzo hayo mara nane, na kila mara niliyapunguza.

Humo humo ndimo pa kuweka suala la usalama, bila hotuba. Barua ziende kwa S.L.P. ya shule, siyo nyumbani. Walimu wawili wajue. Mtoto asitume picha kwa mtu ambaye hakuna mzima anayemfahamu. Fanya iwe kawaida ya maisha yao, na msomaji wako ataiga bila kuambiwa. Na ukiandika anwani, acha namba ya sanduku ukungu, doa la chai juu yake au kona iliyochanika. Namba uliyoibuni huenda ni ya mtu.

Hatua ya 9: Amua barua peke yake au barua na msimulizi

Hili linategemea umri. Kwa watoto wa miaka saba hadi tisa, weka msimulizi, na barua ziwe fupi za mistari mitano hivi, na michoro. Mtoto mdogo anapotea asipoonyeshwa nani ameshika karatasi. Miaka kumi hadi kumi na mbili, changanya. Kuanzia kumi na tatu unaweza kuwapa barua tupu, na hapo wape pia zile ambazo hazikutumwa. Barua aliyoiandika Tumaini usiku na kuichana asubuhi, iliyookotwa vipande vipande na yule wa dabo deka, ni sura nzima.

Je, wakutane? Wachapishaji wanapenda wakutane. Mimi niliandika mkutano bandarini Wete, na ulikuwa mzuri, wa kulia kabisa, nikaufuta. Watoto wale wamejuana kwa kusubiri siku kumi na nane kabla ya kila jibu. Ukiwasimamisha uso kwa uso hawana la kusema, wanakuwa wageni tena. Ukiamua wakutane, acha waone haya. Waandikie dakika tano za kutazama viatu.

Hatua ya 10: Jaribu, kisha peleka

Chukua watoto wawili, mmoja mpe barua zote za Raya, mwingine za Tumaini, waketi ncha mbili za chumba wasomeane kwa sauti. Shika penseli. Mtoto anaporuka mstari, mstari huo ni wako wa kufuta. Anapomwangalia mwenzake kabla hajamaliza, usiguse.

Kwa soko la shule, muswada Kenya unapitia kwa mchapishaji hadi Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, Tanzania kuna Taasisi ya Elimu na ithibati yake. Mchapishaji atakuuliza kiwango cha darasa kabla ya kuuliza hadithi inahusu nini, basi kiandike kwenye ukurasa wa kwanza. Mmoja aliwahi kunirudishia muswada akiwa ameziunganisha barua zote ziwe masimulizi ya kawaida, "ili watoto wasichanganyikiwe". Nilimshukuru, nikachukua karatasi zangu.

Yule mtoto wa dawati la nyuma nilimpelekea rasimu mpya mwaka uliofuata. Alisoma mpaka ile barua ya tarehe 6 Julai, akanitazama. "Angempigia," akasema, "angejua bibi anaumwa." Kisha akafungua ukurasa unaofuata.